Umajumui wa Afrika ukaguliwe Laini Saba, Kibera

Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu hapa Nairobi ivunjwe, Afrika iwe kitovu cha masomo. Walisikizwa, na mtaala ukabadilika.

Kilomita chache kutoka hapo, Kibera, fikra hiyo ya kuiweka Afrika mbele ilikwama kwenye meza ya vitambulisho. Wanubi, ambao wazee wao walikuja na jeshi la Mwingereza kutoka Sudan, walikaa Kibera kabla Kenya haijawa na bendera. Hata hivyo, kwa miaka mingi vijana wao walihojiwa na kamati kuhusu babu zao kabla ya kupewa kitambulisho. Machi 2011, kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi. Mwaka 2017 jamii ilikabidhiwa hatimiliki ya ardhi. Vizuri, ingawa hati ya shamba si uraia.

Viongozi wetu hupenda kumtaja Nkrumah na umajumui wake majukwaani. Sisi tunadai jambo dogo zaidi: kijana Mnubi wa Laini Saba apewe kitambulisho kwa hati zilezile anazodaiwa jirani yake Mluo au Mkamba.