Baraka si Foleni, Baraka ni Mtu

Mke wa dereva wa lori la masafa marefu hahitaji kufundishwa maana ya foleni. Mumewe ameaga nyumbani Temeke akisema kwamba safari ni ya siku kumi na mbili, na unga ulioachwa ndani ukapimwa kwa hesabu hiyo. Siku ya kumi na mbili yaingia, naye bado yuko Tunduma, nyuma ya malori mengi, akingoja hati za mzigo zikubaliwe ili avuke kwenda Nakonde. Mtoto auliza baba yuko wapi. Mama ajibu kwa neno moja: foleni.

Ndugu msomaji, Jumapili ya leo tuzungumze juu ya siku hizo zisizokuwamo katika hesabu ya safari. Wapo madereva Wakristo wanaosema kwamba ni katika siku hizo hizo Mungu huwapa baraka, nayo ni baraka ya kutembelea marafiki na kutembelewa nao. Maneno hayo yaweza kumkera mke aliyeishiwa unga. Kwa hiyo yafaa tuyachungue kwa utulivu, tuone yana ukweli gani, na ukweli huo unaitaka familia ifanye nini.

Barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ina urefu wa zaidi ya kilomita 900. Hupita katika mbuga ya Mikumi, hupanda mlima Kitonga, ikaendelea Iringa, Makambako na Mbeya hadi mpakani. Kuchelewa katika njia hiyo si jambo la jana. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, Zambia ililazimika kuyapitisha mafuta yake Dar es Salaam, na mapipa yakapakiwa katika malori yaliyopita njia ya udongo. Wakati wa masika magari yalizama matopeni, hata wageni wakaiita njia ile ya Jehanamu. Bomba la mafuta lilianza kazi mwaka 1968, na baadaye lami ikatandazwa. Tope likaondoka, lakini kungoja hakukuondoka, kulihamia mpakani.

Oktoba 2019 Tanzania na Zambia zilizindua kituo cha pamoja cha huduma kati ya Tunduma na Nakonde, ili gari lisisimamishwe kwa ukaguzi upande huu na tena upande wa pili. Hata hivyo, mtambo wa kompyuta ukikwama, au hati moja ikikosewa, au shehena ya kwenda Kongo ikizidi ghafla, mstari hurefuka upya. Mei 2020, wakati wa maradhi ya korona, Zambia iliufunga kwa muda mpaka huo wa Nakonde, na magari yakasimama. Dereva hana mamlaka juu ya lolote katika hayo. Kazi yake ni kuendesha, nayo foleni humnyima hata kazi hiyo.

Kungoja kuna hatari ambazo mtu wa nyumbani hazioni. Lori haliachwi peke yake. Ukilipa kisogo usiku, mafuta hunyonywa, turubai hukatwa, na tairi la akiba hutoweka. Basi dereva hulala kwenye kibanda chake cha mbele, hupika ugali kandokando ya magurudumu, huoga anapopata maji. Posho ya safari yapungua kila kukicha. Mchana ni mrefu, na jirani ni kilabu cha pombe. Zaidi ya hayo, pale alipo hajulikani na yeyote. Na mtu asiyejulikana huanza kudhani kwamba hana wa kumwonea haya. Twakumbuka miaka ya 1980 na 1990, jinsi UKIMWI ulivyosambaa katika vituo vya malori, ukawafuata madereva hadi kwa wake zao waliokuwa wamekaa nyumbani kwa uaminifu. Upweke wa barabarani haukuishia barabarani.

Hapo ndipo thamani ya rafiki inapoonekana. Dereva Mkristo, awe Mlutheri wa Iringa, Mmoraviani wa Rungwe au Mkatoliki wa Songea, ana shida ambayo mchungaji wake huenda haioni. Siku hizi maisha ya kanisa yamejengwa sana juu ya jumuiya za mtaani. Nyumba chache za jirani hukutana kila juma, husali pamoja, huchangiana katika msiba na katika arusi. Dereva ameandikwa katika jumuiya ya mtaa wake, lakini siku ya kukutana yuko Mikumi au Kasumbalesa. Ana jumuiya ya jina tu. Akishinda Tunduma siku sita, naye akamwuliza mzee wa kanisa jumuiya ya hapo hukutana wapi, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi ataketi mkekani katika nyumba ya watu, asikie mtoto akilia, aulizwe habari za mkewe kwa jina. Yule aliyekuwa namba ya gari tu amekuwa tena baba wa fulani.

Marafiki wengine ni madereva wenyewe. Watu wawili wa Morogoro waweza kuifanya kazi hiyo miaka kumi, mmoja akishuka na shaba, mwenziwe akipanda na mbolea, wasionane ila kwa kuwashiana taa wanapopishana. Barabara ndiyo huwatenga. Foleni ndiyo huwakutanisha. Wakikutwa wamesimama pamoja, hula sufuria moja, husomeana Neno, hupeana habari za misiba ambayo kila mmoja aliikosa. Hali kadhalika ulinzi: mmoja huenda ibadani wakati mwenziwe au utingo analinda magari yote mawili, kisha hupokezana. Na asiyeweza kabisa kuliacha lori, rafiki humjia pale pale na bakuli la maharage. Huko nako ni kutembelewa.

Jambo hili si geni katika Maandiko. Matendo ya Mitume, sura ya 21, yaeleza kwamba Paulo na wenziwe walipanda merikebu ya kwenda Foinike. Ilipofika Tiro ilibidi ipakue shehena yake. Abiria wale wakawatafuta wanafunzi waliokuwa katika mji, wakakaa nao siku saba. Tena katika sura ya 27, Paulo akiwa mfungwa njiani kwenda Rumi, chombo kilitia nanga Sidoni, na akida Yulio akampa ruhusa aende kwa rafiki zake wamtunze. Dereva yeyote ataielewa habari hiyo upesi kuliko wengi wetu: mzigo wapakuliwa, safari imesimama, na mtu anauliza ni nani anayemfahamu hapa.

Lakini tuitazame vizuri ile habari ya Tiro. Siku ya kuondoka, wenyeji waliwasindikiza wageni hadi nje ya mji pamoja na wake zao na watoto wao, nao wote wakapiga magoti pwani wakaomba. Yale hayakuwa matembezi ya siri ya wanaume. Ilikuwa ni nyumba nzima iliyopokea na nyumba nzima iliyoaga. Hapo pana kipimo chema kwa dereva wa leo. Matembezi ambayo mke wa mwenyeji anayajua, na mke wa mgeni anaelezwa siku ile ile, hayana sababu ya kutiliwa shaka. Yale ambayo simu huzimwa kwa ajili yake yana jina jingine.

Sasa turudi kwa mama aliyeishiwa unga. Je, aambiwe ashukuru kwa sababu mumewe amepata baraka Tunduma? Hasha. Foleni yenyewe si baraka. Ni hasara kwa mwenye mzigo, ni taabu kwa dereva, na kwa watoto ni siku za baba ambazo hazitarudishwa. Mwajiri anayejua kwamba gari lake limezuiwa hana budi kuongeza posho na kupeleka kitu nyumbani kwa mfanyakazi wake, wala asijifiche nyuma ya uvumilivu wa Mkristo. Wakala anayekosea hati ajue kwamba kosa lake linalala kando ya barabara pamoja na mtu. Kushukuru kwa ajili ya rafiki hakumzuii mtu kudai haki yake. Baraka ni mtu aliyefungua mlango, wala si lango lililofungwa.

Na mtu huyo naye ana gharama. Familia ya Tunduma inayompokea dereva haina ghala. Mgeni akiongezeka, kipimo cha unga huongezeka, na mtoto mmoja huhamia mkekani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi dereva mwenye adabu asiende mikono mitupu. Abebe kilo ya sukari kutoka Dar es Salaam, atengeneze kitasa kilichoharibika, achote maji. Wala asiigeuze nyumba ya rafiki kuwa hoteli ya bure kila safari.

Wahenga hao hao walisema pia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Deni la ukarimu hulipwa kwa ukarimu, na mara nyingi mwenye kulilipa ni yule mke aliyebaki nyumbani. Kijana wa Tunduma anapoletwa Muhimbili kwa matibabu, au anapokuja kusoma chuo, huhitaji mlango wa kubisha Temeke. Akipokelewa, urafiki ulioanzia kwenye foleni umekuwa urafiki wa nyumba mbili, nao hautegemei tena mpaka kufungwa au kufunguliwa.

Kwa hiyo nawashauri akina baba wa barabarani: mtambulisheni mkeo kwa rafiki zenu wa njiani, hata kama ni kwa simu, ajue ni nyumba ya nani na mama wa nyumba hiyo anaitwaje. Nanyi akina mama, mkiuliza kuhusu hati na kuhusu posho, ulizeni pia kama amepata mtu wa kusali naye. Na kwa wale wanaokaa karibu na vituo vya malori, Mbalizi, Makambako, Tunduma na kwingineko, Jumapili moja watazameni wale wanaosimama nyuma ya kanisa wakiwa na mafuta ya gari katika kucha zao, ambao huondoka kabla ya salamu. Wazuieni kidogo mlangoni. Waulizeni wametoka wapi, na nyumbani wameacha watoto wangapi.

Tukutane Jumapili ijayo.