Neno Letu, Kicheko Chao

Wapo wenzetu, tena wasomi, wanaojivuna kwamba Hatari! ni filamu ya Tanzania. Hoja yao ni kwamba ilipigwa picha kwetu, jina lake ni Kiswahili, na ilitutangaza duniani. Mimi napinga. Filamu ile ni ya Hollywood tangu mwanzo hadi mwisho, na kuiita yetu ni kukubali kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kwanza nimpe mtu haki yake. Mwongozaji wake, Howard Hawks, alikuwa fundi kwelikweli. Mwaka 1938 alitengeneza Bringing Up Baby, kichekesho cha mapenzi kinachosifiwa hadi leo: mwanamke machachari anamwandama mwanamume mzito, huku chui akiwavuruga. Mwishoni mwa 1960 alikuja Tanganyika na kanuni ileile, akafanya kazi huko Momella, chini ya Mlima Meru. Safari hii mwanamume mzito alikuwa John Wayne, mwanamke machachari Elsa Martinelli, na badala ya chui wakaja watoto watatu wa tembo. Waigizaji wenyewe walipanda magari wakawakimbiza faru na twiga porini. Ushujaa huo siukatai.

Lakini kichekesho cha mapenzi kina kipimo chake. Tuulize: nani anaruhusiwa kupenda, kununa, kubembelezwa na kuchekesha? Katika Hatari!, yenye dakika 157, wanaopendana na kugombana ni wageni watupu. Mwafrika yupo: anapika, anashika kamba, anacheza ngoma. Wenyeji wanampa mgeni jina la Mama Tembo, kisha hadithi inawapita. Faru anayekimbizwa ana sehemu kubwa kuliko mwenye nchi.

Najua nitajibiwa: "Mwalimu, ndivyo zama zilivyokuwa." Zama zipi hizo? Kamera hazijafika, Julius Nyerere alikuwa amekwisha kuwa Waziri Kiongozi, Septemba 1960. Septemba 1961, katika mji uleule wa Arusha, lilitolewa tamko lake la kuahidi kuwahifadhi wanyamapori. Desemba 9 mwaka huo tukapata uhuru. Watengenezaji wale waliishi katikati ya habari kubwa kuliko faru yeyote, wakaipita kama mtu apitaye kichuguu.

Wala si kweli kwamba hapakuwa na Mwafrika wa kuigiza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Rashidi Mfaume Kawawa aliigiza katika filamu za Kiswahili, mojawapo ikiwa Muhogo Mchungu. Zilitengenezwa kwa ajili ya serikali ya kikoloni, na mahubiri yake ni ya kikoloni vilevile, sizitetei. Hata hivyo ndani yake Mwafrika ndiye mwenye hadithi. Hatari! ilipoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1962, mwigizaji huyo alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika! Nimewauliza wengi wanaoisifu Hatari! kama wanajua jambo hili. Wengi hawalijui. Tumemkariri John Wayne, tukamsahau Kawawa.

Pengine msomaji atasema haya ni mambo ya kale, na filamu ni mchezo tu. La hasha. Hapa Kimara vijana hujaa katika vibanda vya video kutazama filamu za kigeni zilizowekewa maelezo ya Kiswahili. Sauti ni yetu, nyuso si zetu. Kijana anayekua akiona mapenzi na utani ni vitu vya watu wa mbali, hatimaye huona mtaa wake hauna hadithi. Hiyo ndiyo hasara, na haiponyeshwi kwa kujisifu kwamba mgeni aliwahi kuazima neno letu moja.

Ipo njia bora. Mwaka 2021 Amil Shivji alitoa Vuta N'kuvute, kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Humo Wazanzibari wanapendana, wanakosana na kudai uhuru wao kwa wakati mmoja. Si kichekesho, lakini inathibitisha kwamba jambo linawezekana. Basi vyuo vyetu vya ualimu viwaonyeshe wanachuo filamu hizi mbili, moja baada ya nyingine, kisha viwaulize swali moja tu: katika ipi mwenyeji amekuwa mtu? Wakilijibu wenyewe, hawatahitaji tena kuambiwa na mimi ipi ni yetu.