Mtoto wa asma: tujitayarishe kabla usiku haujaingia



Sisi walimu tunaona darasani mambo ambayo watu wa nyumbani wanayaficha. Tulikuwa na mtoto mmoja ambaye kila asubuhi ya baridi alifika amechoka, akakaa karibu na dirisha, mabega juu, kifua kikilia kama filimbi. Tukimwuliza, alijibu: "Ni mafua tu, mwalimu." Baadaye mama yake alitueleza kwamba mtoto ana asma, ila alimkataza kusema. Majirani walikuwa wameanza kunong'ona kwamba ni karuho.

Tuseme wazi: asma, au pumu, si sumu, si uchawi, wala haiambukizi. Ndani ya kifua kuna mirija midogo ya pumzi. Kwa mtoto wa asma mirija hiyo inavimba na kubana upesi, hewa inatoka kwa shida. Kumkata kirimi hakumponyeshi. Kunamletea damu na kidonda. Lakini si kila kikohozi ni asma. Mtoto mwenye homa na pumzi ya haraka anaweza kuwa na nimonia, na kikohozi kinachopita wiki 2 kinaweza kuwa kifua kikuu. Basi kwanza tumpeleke kituo cha afya, apimwe.

Ni nini kinachoamsha asma? Kwetu, cha kwanza ni moshi. Tunapika kwa kuni mbichi ndani ya nyumba isiyo na dirisha, mtoto yuko mgongoni, nasi tunapuliza moto. Tukiweza, tupike nje au chini ya kibanda kilicho wazi. Kuni tuzianike. Mtoto wa asma asitumwe kuchochea moto. Kule milimani Masisi, baridi inatufanya tuingize mbabula ndani usiku na kufunga mlango. Tuache kabisa: hewa ya makala inaua hata mtu mwenye kifua kizima. Kule Walikale, ndani ya msitu, adui ni unyevu na ukungu wa ukutani: tuanike matandiko juani kila jua linapotoka. Na wale wa upande wa Sake, siku upepo unapoleta majivu na harufu ya volkeno, mtoto abaki ndani.

Sasa tuje kwenye pompi. Wengi tunaiogopa, tunasema "itamzoesha". Hapana. Pompi ya salbutamol inafungua mirija kwa dakika chache, na haimfanyi mtoto mtumwa. Shida ni kwamba mtoto hajui kuivuta vizuri, dawa inabaki mdomoni. Hapo chupa ya plastiki ya mililita 500 inatusaidia. Waganga wa watoto wa Cape Town, Afrika Kusini, waliijaribu na kutangaza mwaka 1999 kwamba inafanya kazi vizuri. Toboa kitako cha chupa kwa kipimo cha mdomo wa pompi, ingiza pompi, ziba pembeni kwa sparadra. Mtoto anaweka midomo kwenye shingo ya chupa. Bonyeza mara moja, avute pumzi 5 au 6 polepole, ndipo ubonyeze tena. Mtoto mdogo sana anahitaji kifuniko cha uso, mwulize muforomo. Chupa ioshwe kwa maji ya sabuni, ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, dawa itaganda kwenye plastiki.

Ikimshika usiku, asilazwe. Akae wima, ameinama mbele kidogo, nguo zilegezwe, watu wasimzunguke. Sauti yako iwe tulivu, kwa sababu woga wa mama unaingia kwa mtoto. Mpe kubonyeza 2. Baada ya dakika 20 kama bado, rudia, na anza kutafuta njia ya kwenda hospitali. Kama hawezi kusema wala kunywa, mbavu zinaingia ndani, midomo inageuka bluu au anasinzia, usingoje asubuhi. Ondokeni mara moja, mkiendelea kumpa dawa njiani.

Kuna jambo moja ambalo wamama wa mahali pengine hawalifikirii. Vita vilipofika Masisi-Centre mwezi wa kwanza 2025, na Walikale mwezi wa tatu, tulikimbia na watoto, masufuria na buranketi. Pompi ngapi zilibaki juu ya ukuta? Tuifunge pamoja na chupa yake katika kamfuko kamoja, na mtoto mwenyewe ajue kalipo.

Na mwalimu aambiwe. Yule mtoto wetu sasa anakuja na kamfuko kake. Wenzake waliuliza siku moja tu, tukawaeleza, wakarudi kwenye mpira. Naye anacheza pamoja nao.

Katika mkutano wa kikundi unaokuja, kila mama alete chupa moja tupu. Tumwalike muforomo wa kituo chetu, tuzitengeneze pamoja.