Kabla Hujanunua Tela, Lipime Kwanza Gari Lako

Swali linaloletwa sana ofisini kwangu hapa Kawe siku hizi si la kantangaze wala la bei ya vifaranga. Ni la tela. "Shikamoo bwana shamba. Nina Noah, nataka nifungie tela niwe nabeba mwenyewe chakula cha kuku na mboga. Fundi wa kuchomelea nimeshampata. Unaonaje?"

Nitasema ninavyoona, na najua wengine mtanuna. Wengi wenu mnaouliza hamhitaji tela kwa sasa. Na wanaolihitaji kweli, zaidi ya nusu wana gari lisilofaa kulivuta.

Wazo lenyewe si baya, tuelewane hapo. Mnaishi Kawe, Mbezi Beach, Tegeta, mashamba yako Mapinga, Kerege, Zinga, wengine mpaka Bagamoyo mjini. Mnapeleka chakula cha kuku na samadi, mnarudi na mchicha, matikiti, mayai. Kila safari ni kukodi Kirikuu la mtu, na mwenye Kirikuu akijua mzigo wako ni wa kuharibika anapandisha bei. Tela halina injini, halinywi mafuta likiwa limeegeshwa, halidai oili. Hesabu ya kijana anayetaka kupunguza gharama inaanzia hapo na ina akili.

Shida ni swali mnaloanza nalo. Kila mtu ananiuliza, "Gari langu litavuta?" Litavuta. Noah itavuta hata tani moja kwenye lami tambarare ya Boko, utashangaa mwenyewe. Swali ni kama litasimama. Barabara ya Bagamoyo mnaijua: daladala inasimama popote abiria aliponyoosha mkono, bodaboda inachomoka kushoto, wanafunzi wanavuka. Ukikanyaga breki, gari lako linataka kusimama lakini tela halijui kama umekanyaga. Lenyewe linaendelea na safari, na kilichopo mbele yake ni wewe.

Kijana mmoja mfuga kuku wa nyama yalimkuta. Alikuwa na tela la fundi, limepakiwa mifuko 16 ya chakula, daladala ikasimama ghafla mbele yake. Alikanyaga breki, tela likasukuma matako ya gari upande mmoja, lenyewe likalala kuzuia njia ya wanaokuja. Mungu mkubwa, hakukuwa na mtu upande ule. Baadaye tulilipeleka lile tela kwa wanunuzi wa chuma chakavu, wale wana mizani ya kupimia, likiwa tupu likasoma kilo 310. Mifuko 16 ya kilo 50 ni kilo 800. Jumla kilo 1,110, bila breki hata moja, nyuma ya Noah yenye uzito wa kama kilo 1,500. Fundi alikuwa amemwambia tela "linabeba tani". Na kweli linabeba, chuma hakikupinda. Fundi alijibu kuhusu chuma, kuhusu gari hakuulizwa.

Wenzetu wameshaiwekea hili namba. Ulaya na Australia, tela lisilo na breki zake lenyewe mwisho wake ni kilo 750, yaani tela na mzigo kwa pamoja. Waingereza wanaongeza kwamba lisizidi nusu ya uzito wa gari linalolivuta. Kati ya namba hizo mbili, unafuata iliyo ndogo. Hata Japani, yanakotoka magari yetu mengi, mwenye leseni ya kawaida anaishia tela la kilo 750. Mimi naitumia kanuni hiyo ya Waingereza kwa vijana wangu, maana matela ya mafundi wetu karibu yote hayana breki. Na hesabu inakuwa hivi.

Kirikuu. Lenyewe lina uzito wa kilo 700 na ushee, injini ya cc 660, na huko kwao limeruhusiwa kubeba kilo 350 mgongoni. Nusu ya uzito wake ni kilo 350 na kitu. Tela tupu la yule kijana ni kilo 310. Umebaki na nini? Mfuko mmoja wa chakula cha kuku. Kwa hiyo tela nyuma ya Kirikuu ni hapana, hata kama umemwona mtu analo.

Noah ndiyo inayoleta ubishi. Kwa uzito inagusa zile kilo 750, ukitoa tela unabaki na kilo 440, tuseme mifuko minane. Lakini kuna mengine. Kwanza tafuta kitabu cha gari uone mtengenezaji anasema nini kuhusu kuvuta. Kama hakitaji kuvuta, mimi nachukulia kwamba halikutengenezwa kwa kazi hiyo, mjadala umeisha. Pili, Noah za kuanzia mwishoni mwa 2001, ukiacha zenye 4WD, zinavutwa na matairi ya mbele. Ukikandamiza nyuma kwa tela, mbele kunakuwa kwepesi. Kwenye lami hutaona kitu. Ukiacha lami kule Kiharaka kwenye mchanga wenyewe, matairi ya mbele yanachimba tu, na tela limekung'ang'ania kama nanga. Tatu, giaboksi ya otomatiki inachemka ikivuta mzigo kwa muda mrefu. Kufa haifi siku hiyo, inakufa miezi minne mbele, na wewe unalaumu oili. Nne, mafundi wengine wanachomelea ndoano ya kuvutia kwenye bampa au kwenye bati la sakafu. Ile inatakiwa ifungwe kwa bolti kwenye mihimili ya chini ya gari, pale inapobeba uzito kweli.

Pikapu, hasa Hilux ya dizeli, ndiyo gari la kazi hii. Ila hata hapo watu wanajidanganya. Kitabu cha pikapu kwa kawaida kinatoa namba mbili za kuvuta: kubwa ni ya tela lenye breki zake, ndogo ni ya lisilo na breki. Kijana anasoma ile kubwa, tani mbili na nusu au tatu, anakwenda kuagiza tela lisilo na breki. Namba yako ni ile ndogo. Ukitaka kubeba tani, lipia tela lenye breki. Ni ghali zaidi, ndiyo.

Sasa kuna jambo ambalo hata wenye pikapu nzuri wanalikosea, nalo ni namna ya kupakia. Ule mkono wa chuma unaotoka kwenye tela kuja kwenye gari, tuuite shingo, unatakiwa ukandamize ndoano kidogo. Wamarekani wanashauri asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela na mzigo, Waingereza wanakwenda chini zaidi, kama asilimia 5 hadi 7. Mimi nawaambia shikeni 10. Tela la kilo 750 shingo isome kama kilo 75. Kupima si kazi: duka lolote la chakula cha mifugo lina mizani ya kupimia magunia. Pakia tela, liweke sehemu tambarare, pandisha shingo juu ya gogo lililosimama kwenye mizani, kimo kiwe kile kile cha ndoano, kisha soma.

Shingo ikiwa nyepesi, maana yake umejaza nyuma ya matairi. Tela la hivyo linaanza kucheza mkia ukifika kasi fulani, kushoto kulia, kila mchezo mkubwa kuliko uliotangulia. Likikuanza usikanyage breki kwa nguvu na usijaribu kulirudisha kwa usukani. Shika usukani umenyooka, ondoa mguu kwenye mafuta, liache lipungue lenyewe. Na shingo ikiwa nzito mno, taa za gari zinaangalia minazi na usukani unakuwa mwepesi kama wa mtoto. Kwa hiyo vizito viwe juu ya ekseli na mbele yake kidogo, vyepesi nyuma. Matenga ya nyanya nyuma, chakula cha kuku katikati. Lumbesa mimi sitaki hata kuiona kwenye tela dogo, maana hujui ina kilo ngapi, na mzigo usioujua uzito huwezi kuupanga.

Maji nayasema peke yake kwa sababu wengi mnataka tela la kupeleka maji shambani wakati wa kiangazi. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja, bila tangi lenyewe wala tela. Likiwa nusu ndiyo baya zaidi, maji yanakimbilia mbele ukifunga breki na kurudi nyuma ukiondoka, ile shingo uliyoipima asubuhi haina maana tena. Lita 300 kwenye madumu yaliyofungwa vizuri zinatosha miche ya siku. Tani ya maji waachie wenye maboza.

Kuna mmoja aliniuliza pia kuhusu yale matela ya kulala ya Wazungu, karavani, anunue kuukuu ageuze jiko la kuuzia kuku wa kuchoma. Hesabu ni ile ile, tena kali zaidi, kwa sababu karavani tupu tu mara nyingi inapita kilo 750 na ina mwili mrefu unaopigwa na upepo. Jiko halitembei kila siku. Kodi gari la kuliburuza mara moja, liegeshe, fanya biashara.

Turudi kwenye hela, maana ndiyo iliyowaleta. Chukua daftari. Tuseme tela limekugharimu shilingi milioni 3 pamoja na ndoano na taa. Tuseme Kirikuu unakodi kwa 60,000 kwa safari, na ukivuta mwenyewe mafuta ya ziada na uchakavu ni 20,000. Unaokoa 40,000. Milioni 3 gawanya kwa 40,000 ni safari 75. Mwenye safari mbili kwa wiki anarudisha pesa baada ya wiki 38 hivi. Mwenye safari mbili kwa mwezi ni miaka mitatu na zaidi, na kwa miaka hiyo ile milioni 3 ingekuwa banda la kuku au pampu na mipira ya matone. Weka namba zako halisi, usitumie zangu. Chini ya safari moja kwa wiki, mimi nasema kodi. Au ungana na jirani wa Mapinga, gari moja lichukue mizigo ya wawili. Hilo hamlipendi kwa sababu kila mtu anataka aonekane na cha kwake.

Ukiona bado linakufaa, muulize fundi karatasi kabla hujatoa hata kianzio. Tela linasajiliwa TRA na lina namba yake lenyewe, haliazimi ya gari. Lenye karatasi za kubabaisha litakusumbua kwa trafiki kila wiki. Bima nayo: nenda kawaambie waliokukatia ya gari kwamba unavuta tela, waandike. Na ukianza kubeba mizigo ya watu kwa malipo, LATRA inakuhusu, usijifanye hujui.

Mengine ya kumsimamia fundi. Ekseli iwe ya gari ambalo beringi zake zinapatikana Kariakoo bila kuzunguka. Matairi yawe saizi moja na ya gari lako, tairi moja la akiba litumike kote. Minyororo miwili, ipite chini ya shingo imepishana kama mkasi, ili ndoano ikichomoka shingo idakwe isichimbe lami. Taa za breki na indiketa zifanye kazi, si kupakwa rangi nyekundu. Halafu angalia kile kichwa cha mviringo cha ndoano. Vipo vya milimita 50 na vya inchi 2, ambayo ni karibu milimita 51, na vipo vidogo zaidi, na kwa macho vinafanana. Kikombe cha tela kikiwa kikubwa kuliko kichwa, kitaingia vizuri na utaondoka ukicheka, mpaka kwenye tuta la kwanza. Namba huwa imegongwa juu ya chuma, isome kwenye vyote viwili.

Safari ya kwanza nenda na nusu ya mzigo, fuata kibao cha 50 hata kama nyuma wanakupigia honi. Ukifika Bunju simama, kaza tena nati za matairi, kisha weka kiganja katikati ya kila gurudumu la tela. Likiwa vuguvugu, endelea. Likikuunguza, beringi imekazwa mno au haina grisi. Usiseme Mapinga ni hapo tu. Liache lipoe, mpigie fundi aje na grisi yake hapo hapo Bunju, na nauli yake alipe mwenyewe.