Sultani Aliyejikamata

Hatimaye Sultani wangu amejikamata. Alitoa amri mwenyewe, mbele ya baraza zima, akiwa na akili timamu kwa kadiri alivyojaliwa, na kwa amri hiyo nimefunga hadithi niliyoianza mwaka 2017 na kuitelekeza baada ya sehemu ya kumi na moja. Wanafunzi walioisoma wakiwa mwaka wa kwanza leo ni maofisa tawala, wengine ni walimu wa sekondari huko Mkinga na Handeni. Bado huniuliza tunapokutana sokoni: "Mwalimu, yule Sultani aliishia wapi?" Miaka yote hii nimewajibu kwamba nilizidiwa na kazi ya kusahihisha mitihani. Huo ulikuwa uongo, na leo nataka kuukana hadharani.

Kwa wasioijua hadithi yenyewe, nieleze. Upo mchezo wa kompyuta uitwao Europa Universalis IV, uliotengenezwa Stockholm na kutolewa mwaka 2013. Mchezaji hukabidhiwa dola mnamo Novemba 1444, zama za kati zikikaribia ukingoni, naye huiendesha: hutoza kodi, hukopa, huozesha mabinti, hupigana vita, mpaka mwaka 1821 ikiwa hajaangamia kabla. Kilwa imo, nami niliichagua. Kila mtawala hupewa alama kuanzia sifuri hadi sita katika utawala, diplomasia na vita. Mrithi aliyenitokea alipata sifuri, moja na sifuri. Mchezaji mwenye busara angeanza upya. Mimi nilimwonea huruma, nikamwita Mwinyi Kivuli, nikamtafutia katibu.

Katibu ndiye msimulizi. Nilimtoa Mtang'ata, yaani Tongoni yetu ya leo, kusini mwa Tanga kwenye barabara ya Pangani, kwa kuwa sikuona haki Kilwa ipewe kila kitu. Ni kijana mwenye mwandiko mzuri na mshahara usiofika. Huandika anayoambiwa, na maovu yote ya dola tunayajua kwa sababu yeye huyaandika kwa adabu.

Mchezo ule una tukio mashuhuri. Nyota yenye mkia huonekana angani, na papo hapo dola hupungukiwa na uthabiti bila kosa la mtu yeyote. Katika hadithi, baraza lilikutana usiku uleule likaunda kamati ya nyota. Kamati ikaomba kwenda Malindi kuhakikisha kama na huko nyota inaonekana. Ilipofika, nyota ilikwisha ondoka, ikabidi iundwe kamati ndogo ya kuifuata. Posho za safari zilikopwa kwa wafanyabiashara, na mikopo ikalipwa kwa mikopo, jambo ambalo mchezo wenyewe huliruhusu mpaka siku dola inapofilisika. Wakati huohuo Sultani alikuwa akiweka jiwe la msingi la Husuni Kubwa kwa mara ya saba. Hilo sikulibuni lote. Husuni Kubwa lipo Kilwa Kisiwani, jumba la karne ya 14 lenye birika la pembe nane, na waliolichimbua waliona dalili kwamba halikupata kumalizwa.

Sehemu ya kumi na mbili ilikuwa wazi kichwani mwangu. Katibu angesimama barazani na kusoma hesabu za mapato na matumizi, mstari kwa mstari, bila kuongeza neno lake hata moja.

Kisha ikaja Machi 2018, na Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Aliyetaka kuchapisha maoni yake mtandaoni alitakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi, shilingi 1,000,000 za leseni, na nyingine 1,000,000 kila mwaka. Kanuni hizo zimebadilishwa tangu hapo, lakini wakati ule wengi walifunga kurasa zao, na hakuna wa kuwalaumu. Si kila kijana mwenye la kusema ana milioni mbili. Mimi, hata hivyo, siwezi kujificha nyuma yao. Hadithi yangu ilikuwa ikisambazwa kwa karatasi zilizotolewa kivuli, zikipita mkono kwa mkono mabwenini. Hakuna kanuni iliyonigusa. Hakuna aliyenipigia simu, hakuna aliyeniita ofisini. Mwenzangu mmoja tu wa kazi, mtu mwema, aliniambia tukinywa chai: "Hapo pa kusoma hesabu umefika pabaya. Kwa nini Sultani asiamke tu, iwe ilikuwa ndoto?" Nilicheka. Jioni nilifunga daftari, na sikulifungua tena kwa miaka.

Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo ninalolipigania katika makala haya. Tumezoea kumlaumu mwenye mkasi, naye anastahili lawama. Lakini sisi wasomi tumejifunza kukata kabla mkasi haujanunuliwa. Tunaanza kichekesho kwa ushujaa mwingi, tunamchekesha kila mtu kwa tumbo la waziri na kilemba cha mfalme, na pale kichekesho kinapotaka kutoa hukumu tunakumbuka kwamba tuna mitihani ya kusahihisha. Dhihaka isiyo na mwisho haimsumbui mtawala hata kidogo. Sehemu zangu kumi na moja za kwanza Sultani yeyote angezisoma baada ya chakula cha usiku, akajipigapiga goti, akasema kijana huyu ana kipaji.

Wapo wanaoniambia kwamba mhadhiri hapaswi kushughulika na michezo ya watoto. Hawa ninawajibu kwa haraka. Tarehe ya kale ya Kilwa inasimulia jinsi Mshirazi alivyokinunua kisiwa kwa nguo za kukizungushia chote, kisha akahakikisha kwamba kivuko kilichokuwa kikipitika kwa miguu hakipitiki tena, ili muuzaji asirudi. Huo ni mkakati, na ni kichekesho, na wazee wetu waliona unafaa kuandikwa kwa wino. Na anayedhani kwamba nchi ya kubuni ni kazi ya mtu mvivu, aende Vibambani, hapahapa Tanga, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, tena kwa miaka mingi katika idara ya ushuru wa forodha, naye mwaka 1951 alichapisha Kusadikika, nchi iliyo angani ambako Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka watu wajue sheria. Tunamsifu kila mwaka kwa ujasiri wa kuianza hadithi ile. Mimi namsifu zaidi kwa kuimaliza. Angeweza kumwacha Karama kizimbani akisema maneno mazuri. Badala yake alimpeleka mpaka hukumuni, na wajumbe waliofungwa wakafunguliwa. Karani yule aliijua serikali kwa ndani, alijua faili linavyoweza kulala, na hakukubali hadithi yake ilale.

Rafiki zangu wanaharakati nao wana lawama yao: nchi ina mambo mazito, andika tamko. Nimeandika matamko. Hakuna aliyewahi kunisimamisha sokoni akitaka kujua tamko liliishia wapi.

Kuna lawama moja ninayoikubali, nayo ni kwamba zama za kati ni maficho. Ni kweli. Nilimpeleka Mwinyi Kivuli mwaka 1444 ili mtu asije akajitambua. Maficho hayo yana hatari yake, na hatari hiyo niliiona wazi niliporudi kwenye daftari. Mwisho uliokuwa ukininong'oneza ulikuwa mwepisi mno: Wareno waje. Julai 1505 Francisco de Almeida aliivamia Kilwa, mtawala akakimbia, mji ukaporwa. Msomaji angehuzunika, angemlaani Mreno, na baraza zima la Mwinyi Kivuli, pamoja na kamati ya nyota, lingezikwa kwa heshima ya mashahidi. Mara ngapi tumemaliza hadithi zetu namna hii! Mgeni ni mwovu, kwa hiyo mwenyeji hadaiwi hesabu.

Na Wareno wenyewe hawakukosa vichekesho. Walipoitwaa Kilwa walimtawaza Muhammad Ankoni kwa taji la dhahabu walilokuwa wakimpelekea mfalme wa Cochin, India. Lilikuwepo karibu, wakamvika huyu. Ankoni hakudumu, aliuawa muda si mrefu baadaye, na mwaka 1512 wakaiacha ngome yao wakaenda zao. Januari 1499, mbele ya Mtang'ata, Vasco da Gama aliichoma moto merikebu yake mwenyewe, São Rafael, kwa kuwa mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha vyombo vitatu. Katika siku hizohizo wenyeji waliwaletea kuku, wakabadilishana kwa mashati na bangili. Mimi hupita Tongoni mara kwa mara, katikati ya yale makaburi yapatayo 40 na msikiti uliobaki kuta, na humfikiria mtu wa Mtang'ata aliyerudi nyumbani amevaa shati la Mreno huku moshi ukipanda baharini. Huyo alikuwa na hadithi ya kuchekesha kuliko yangu. Tunaijua kwa sababu Mreno aliandika shajara. Upande wa mwenye kuku hatuna hata mstari mmoja.

Hata tarehe ya Kilwa niliyoitaja, ile ya Kiarabu, mwandishi wake aliahidi sura kumi, na zilizotufikia ni saba. Nakala iliyokuwa mikononi mwa Sultani Barghash ilitolewa kwa Mwingereza John Kirk, naye akaipeleka London. Sijui sura tatu zilipotelea wapi, wala simshuku mwandishi kwa woga kama wangu. Ila najua nani alitusimulia yaliyofuata: Wareno, kwa kalamu zao na kwa hoja zao. Tunapolalamika kwamba leo watoto wetu wanaijua Kilwa kwa mchezo uliotengenezwa Stockholm, tujiulize pia ni kurasa ngapi tuliziacha wazi.

Kwa hiyo hakuna Mreno katika sehemu yangu ya kumi na mbili. Katibu anasimama na kusoma. Anasoma posho za kamati ya nyota, anasoma mawe saba ya msingi, anasoma riba. Wale ambao wangemkatiza wako Malindi kwenye semina. Sultani, ambaye hajawahi kusomewa jambo lolote hadi mwisho, anasikiliza kwa mshangao unaogeuka kuwa hasira ya kweli, pengine hasira safi ya kwanza maishani mwake. "Nani aliyeyafanya haya katika nchi yangu?" anauliza. Katibu anainamisha kichwa, anatazama daftari, anasema: "Imeandikwa, mwenye amri." Sultani anaamuru mwenye amri akamatwe mara moja. Askari wanatazamana. Mkuu wao, mtu wa utaratibu, anauliza kama amri hiyo itakuja kwa maandishi. Sultani anatia muhuri.

Niliwasomea wanafunzi wangu wa mwaka huu sehemu hiyo wiki iliyopita. Walicheka nilipotarajia, kisha wakanyamaza mahali ambapo sikutarajia, pale askari walipotazamana. Mwishoni binti mmoja aliyekaa nyuma alinyosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Na yule katibu, alilipwa?"

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nimeongeza ukurasa mmoja. Anaonekana asubuhi ya pili, nje ya hazina, wa 43 katika foleni ya wanaodai malimbikizo, na daftari lake kwapani.