Bunju kahamia Uturuki, tusimlaumu yeye

Wadau, bunju mnamjua. Sisemi Bunju ya Dar, nasema samaki, yule ambaye ukimshika anajijaza mpaka anakuwa kama mpira, na wazee wa pwani wanakukataza kumpeleka jikoni. Huyu bwana siku hizi yuko Ulaya. Hana viza wala pasipoti, na wenyeji wamechoka naye kweli kweli.

Mwaka 2003 bunju mmoja, wa aina ile ndefu yenye mstari wa fedha ubavuni, alinaswa ghuba ya Gökova, Uturuki. Kwao asili ni Bahari ya Hindi na Pasifiki, pamoja na Bahari ya Shamu. Mediterania hawakuwepo. Ndani ya miaka michache wakajaa Saiprasi, Lebanoni, Israeli na Ugiriki, halafu wakaonekana mpaka Tunisia na Italia. Kati ya 2005 na 2008 watu 13 walitibiwa Israeli baada ya kumla. Walipona wote, lakini ilikuwa bahati, maana sumu ya bunju haina dawa ya kuizima. Hospitali inakusaidia kupumua tu mpaka mwili uitoe wenyewe. Kuchemsha haisaidii, kukaanga haisaidii. Kwetu hayo mtu anayasikia tangu utotoni. Kule wavuvi waliona samaki mnene asiye na jina wakadhani ni kitoweo. Samaki alihama, ule ujuzi wa wazee ukabaki huku.

Sasa alipitaje? Hapa ndipo nagombana na wanaomwita "mvamizi", kama vile alikaa kikao akapanga vita. Alipita mlango uliofunguliwa na binadamu, yaani Mfereji wa Suez, uliozinduliwa 1869. Mfereji wa Panama una milango ya kupandisha meli na katikati kuna ziwa la maji baridi, kwa hiyo samaki wengi wa baharini wanakwama hapo. Suez haina kitu kama hicho, ni maji ya bahari moja kwa moja. Zamani kulikuwa na vizuizi viwili vya bure. Cha kwanza ni yale Maziwa Machungu ya katikati, yaliyokuwa na chumvi kali kiasi cha kuwashinda viumbe wengi. Chumvi ile iliyeyuka pole pole. Cha pili ni mafuriko ya Mto Nile, yaliyokuwa yakimwaga maji baridi pale mfereji unapotokea. Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika 1970, hayo nayo yakaisha. Juu yake Mediterania yenyewe inazidi kupata joto, mgeni anajisikia nyumbani. Aina zaidi ya 100 za samaki zimeshapita.

Misri ilipotangaza 2014 kwamba inapanua mfereji, mtafiti wa bahari Bella Galil wa Israeli na wenzake wakaandika kuonya kwamba kupanua njia ni kukaribisha wageni zaidi. Kazi ikaendelea, na Agosti 2015 njia ya pili ikafunguliwa kwa sherehe kubwa. Siwashangai Wamisri. Mwaka wa fedha 2022/23 mfereji uliwaingizia dola bilioni 9.4. Ukiwa na kitega uchumi cha namna hiyo, nani atakuletea habari za bunju ukamsikiliza?

Lakini kuna anayelipa, na si mwenye meli. Bunju ana meno manne yaliyoungana kama mdomo wa kasuku. Anakata nyavu, anakata mishipi, anakula samaki walionaswa. Mvuvi mdogo wa Uturuki au Saiprasi anaamka alfajiri, anavuta wavu, anakuta matundu na bunju ambaye hawezi hata kumuuza, maana sheria zinakataza kumuuza sokoni. Mwaka 2020 serikali ya Uturuki ikaanza kuwalipa wavuvi lira 5 kwa kila mkia wanaoleta, chini ya dola moja ya wakati ule. Yaani ushuru wa meli unaingia Cairo, mikia inalipwa na Ankara. Mtu akiniambia tatizo ni samaki, namwomba apige hesabu hiyo kwanza.

Na wageni hawafanani, jamani. Ndugu za tasi wetu nao walipita Suez, na Lebanoni na Saiprasi wanaliwa vizuri tu, wana soko. Ila na wao wana mambo yao: wanakula majani ya baharini mpaka sehemu nyingine miamba inabaki uchi, na samaki wadogo wa pale wanakosa pa kujificha. Kwa hiyo hata huyo anayepelekwa sokoni ana gharama yake.

Kuna wataalamu wanaopendekeza kurudisha kizuizi cha chumvi katikati ya mfereji, kwa kutumia maji ya chumvi kali yanayobaki kwenye viwanda vya kusafisha maji ya bahari. Kitaalamu naona inaingia akilini. Waliopita hawatarudi, ila wanaofuata wangepungua. Swali langu ni la pesa tu: nani atoe, Misri peke yake au na wenye meli wanaopita pale kila siku? Mimi nasema wenye meli wachangie, kiasi kidogo kwa kila safari. Anayepinga aje na hesabu zake hapo chini. Na walioko Tanga, Mombasa na Unguja, bunju akiingia wavuni huko mnamfanyaje?