Kalamu Nayo Ina Mizani Yake



Leo nazungumza na wenzetu walioolewa bara, hasa Shinyanga, Kahama na Geita, na nyinyi mabiharusi mnaojiandaa kuwafuata waume zenu huko. Wengi mmesoma, na kazi za kuandika hazikosekani: risala ya harusi, barua ya kuomba kazi, tangazo la duka na, kubwa kuliko zote, andiko la mradi la kikundi cha akina mama.

Andiko hilo si mchezo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinahitaji mpango na hesabu zinazoeleweka. Lakini anayekaa usiku kuuandika huambiwa, "Dada, tutakukumbuka mkopo ukitoka."

Mimi nasema usikubali. Mkopo usipotoka, umefanya kazi bure. Ukitoka ukakatiwa asilimia yako, umepunguza mtaji ambao akina mama watatakiwa kuurejesha wote. Dini yetu inataka ujira ujulikane kabla ya kazi, na Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Jasho la mwandishi halionekani nguoni, lakini lipo.

Tazameni dhahabu. Wachimbaji wadogo wa Geita walizoea kuwauzia madalali, na mnunuzi ndiye aliyetaja bei. Machi 2019 likafunguliwa soko la madini Geita, ambako dhahabu hupimwa mbele ya mwenyewe na bei ya siku inajulikana. Dhahabu ni ileile. Kilichobadilika ni mizani kuwekwa wazi.

Basi nawe weka mizani yako. Hesabu siku zako, gharama zako, na marekebisho. Tuseme andiko linakula siku tatu, na siku yako umeithamini shilingi 20,000: hiyo ni 60,000. Ongeza bando, uchapaji na nauli, tuseme 15,000. Bei ni 75,000, nusu kabla ya kuanza, marekebisho mara mbili, ya tatu inalipiwa. Yaandikeni hayo na muweke saini, hata kama mteja ni wifi yako.

Na mizani isipinde upande wako pia. Mke wa mwenye duara asitozwe mara tatu kwa sababu tu ana bangili mkononi. Sura ya Al-Mutaffifin imewaonya wanaopunja vipimo. Mjane asiye na uwezo mwandikie bure ukipenda, hiyo ni sadaka yako. Lakini sadaka hutolewa kwa hiari, haichukuliwi kwa kuoneana haya.

Nanyi mabiharusi, mpiga hina mnamuuliza bei mapema na kumlipa. Anayewaandikia risala muulizeni vivyo hivyo. Allah azitie baraka riziki zetu, amin.